Vidonge Alivyomezeshwa Golandam

Golandam hakupenda vidonge tangu utoto wake. Enzi hizo mama yao akiwagawia kwinini, alikibana kidonge shavuni, akatoka nje kama mtu mwema, kisha akakitemea bandani kwa bata. Mdogo wake Eshrat aliijua hila hiyo vizuri. Ndiyo maana daktari wa mapafu wa kule mjini Rasht alipomwandikia Golandam prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa ajili ya pumu, na kusisitiza kwamba asiruke hata siku moja, Eshrat alijipa mwenyewe kazi ya kumsimamia.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Kwa miaka ishirini na sita Eshrat alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji cha Tutkesh, mkoani Gilan. Alikuwa na chumba kimoja chenye mizani ya watoto, friji la chanjo na daftari la kila kaya. Kila asubuhi kabla ya kufungua alivuka uchochoro hadi kwa dada yake, akamkuta kwenye kibaraza cha mbao, sahani ya wali wa baridi mapajani na kipande cha samaki wa kuokwa kwa moshi pembeni. Akamwekea vidonge kiganjani na kusimama pale pale.

"Fungua kinywa."

"Nimemeza, mwanamke wewe."

"Inua ulimi."

"Hivi wewe ni mdogo wangu au askari magereza?"

"Inua ulimi, dada."

Golandam akainua ulimi, akamtolea wote nje mpaka kidevuni, kisha akacheka hadi akaanza kukohoa. Alikuwa na miaka sitini na saba. Mumewe alishafariki, na binti yake wa pekee, Manije, aliolewa Fuman, mwendo wa nusu saa kwa gari. Watu wake wa karibu walikuwa bata na Eshrat.

Vidonge vile, mwanzoni, vilifanya kazi kweli. Kifua kilichokuwa kikipiga miluzi tangu kiangazi kilitulia ndani ya wiki moja. Golandam akarudi kuchuma majani ya kitunguu saumu, akala vizuri, akaanza tena kuwasema majirani. Eshrat alifurahi. Aliwaambia akina mama waliokuja kituoni, "Mnaona? Dawa humponya anayeinywa." Akamtaja dada yake kwa jina.

Watu wa Tutkesh walijua mapenzi ya ndugu hawa yalivyo. Baba yao alipofariki, Golandam alikuwa na miaka kumi na tisa na Eshrat sita. Golandam aliingia majarubani kwa niaba ya wote. Alipandikiza mpunga wao, kisha akapandikiza wa watu, majira ya kuchipua arobaini na zaidi, mgongo umepinda, shuka ya mistari imefungwa kiunoni, miguu mitupu ndani ya tope hadi magotini. Kila Eshrat alipotaka kushuka kumsaidia, dada alimfukuza. "Wewe rudi ukasome. Tope linanitosha mimi." Hivyo mmoja akazeeka majini na mwingine akapata cheti.

Na kwenye masomo ya cheti hicho Eshrat alifundishwa habari za mnyoo mmoja wa tumbo. Aliwahi hata kuuchora ubaoni. Mwalimu aliwaeleza kwamba ipo minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inakaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha watu. Mtu akikanyaga peku, vitoto vya minyoo hiyo hupenya ngozi ya mguu, vikaingia kwenye damu, vikapanda mapafuni, vikakoholewa na kumezwa, vikafika utumbo mdogo na kukomaa huko. Mingi kati ya minyoo ya tumbo huzeeka na kufa baada ya mwaka au miaka michache. Huu wa Gilan una tabia ya peke yake: watoto wake huweza kutoboa utumbo wa mtu yule yule na kuanza safari upya bila kurudi ardhini. Mtu akafuga jeshi zima ndani yake maisha yake yote, asijue.

Eshrat alijibu swali hilo kwenye mtihani, akapata alama zote. Kisha akarudi kijijini na kuanza kugawa mabuti ya mpira.

Mabuti hayakudumu. Tope la jaruba huvuta. Mwanamke akiinua mguu, buti hubaki chini. Siku ya pili wote walikuwa peku tena, na mabuti yamepangwa ukingoni kama kunguru. Golandam ndiye aliyemwita kwa sauti kutoka katikati ya maji: "Daktari wa chooni! Njoo uvae mwenyewe, upandikize mistari miwili, halafu utuhubirie!" Wanawake wakaangua kicheko. Eshrat naye akacheka, akaondoka.

Jina hilo la daktari wa chooni lilimganda kwa sababu ya vikopo. Miaka mitano kabla ya ile pumu, ofisi ya afya ya wilaya ilileta vikopo vya kupimia choo kwa watu wazima wote, kimoja kwa kila mtu. Cha Golandam kilirudi na jibu kwamba hakikuonekana kitu. Eshrat akaandika kwenye daftari lake: safi. Hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka, kwamba mnyoo huu hutoa vitoto vichache, leo vipo kesho havipo, na kwamba kikopo kimoja huukosa mara nyingi kuliko kuupata. Kupima sawasawa kulihitaji vikopo vitatu au vinne vya siku tofauti, au kuotesha choo kwenye sahani ya maabara, au kipimo cha damu. Hayo yote yalikuwa Rasht, nani angemhangaisha mama wa watu kwa jambo ambalo karatasi imeshasema halipo?

Baridi ilipoingia, na mvua ya Gilan ikaanza kunyesha bila kupumua, Golandam alianza kuumwa na tumbo. Alikula kijiko kimoja cha wali na kusukuma sahani. Kisha kifua kikarudi, kibaya kuliko mwanzo.

"Eshrat, hivi vidonge vinaniunguza."

"Ni tumbo tupu. Kula kwanza."

"Sikusemi wewe, nasema vidonge. Niache nipumzike wiki moja tu."

"Ukiviacha ghafla utaanguka. Daktari kasema."

"Daktari wako hajawahi kuliona tumbo langu."

Eshrat alimpigia daktari simu mbele yake, ili asikie mwenyewe. Daktari akasema pumu imezidi kwa sababu ya baridi, aongezewe dozi, na apigwe sindano ya deksamethasoni, steroidi yenye nguvu zaidi, siku tatu mfululizo. Eshrat alizipiga zote tatu kwa mkono wake mwenyewe. Alichagua sindano nyembamba kabisa, akaipasha kwanza pamba joto kiganjani mwake ili isimshtue. Golandam alijifunika uso kwa mtandio.

Baada ya sindano ya tatu alitapika maji ya kijani. Asubuhi iliyofuata Eshrat alimkuta na homa, shingo imekakamaa, anamwita mama yao, kisha Manije. Na Manije hakuwapo. Eshrat alipofunua tumbo ili kumsikiliza, aliona kuzunguka kitovu madoa ya zambarau, mengine mviringo kama alama ya dole gumba, mengine marefu kama nyuzi. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Akaita gari la wagonjwa.

Katika hospitali ya Rasht walimpokea kama mgonjwa wa mapafu. Mpaka saa nne ya siku ya pili, alipokuja daktari wa magonjwa ya kuambukiza, mwanamke kijana aitwaye Kiani, mwembamba, anayeongea harakaharaka. Alilitazama lile tumbo muda mrefu. Kisha akamgeukia Eshrat.

"Mama huyu alilima mpunga?"

"Maisha yake yote."

"Peku?"

"Peku."

"Na hizi steroidi kanywa muda gani?"

"Miezi mitatu na nusu. Hajaruka hata siku moja," Eshrat akasema, na bado sauti yake ilikuwa na chembe ya fahari. "Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimmezesha."

Daktari Kiani alichukua makohozi ya Golandam, akayapeleka maabara mwenyewe, na baada ya muda si mrefu akamtuma muuguzi amwite Eshrat. Alimwachia kiti mbele ya hadubini. Eshrat akainamisha jicho. Vilikuwepo vile vitoto vya mnyoo, vingi kupita hesabu, virefu na vyepesi, vinajinyonga na kujinyoosha kwenye mwanga. Alivitambua mara moja, kama alivyovichora ubaoni miaka ishirini na sita nyuma.

"Mwili wake ulikuwa umewadhibiti," Daktari Kiani alisema taratibu. "Miaka thelathini, arobaini. Wachache, wametulia, kinga inawazuia. Steroidi huilaza kinga. Wakaachiwa. Sasa wanatoboa utumbo kwa maelfu, na kila mmoja anabeba vijidudu vya kinyesi na kuviingiza kwenye damu. Wako mapafuni. Nadhani wako hata kwenye utando wa ubongo."

"Na ile pumu?"

"Huenda haikuwa pumu. Huenda ni wao walikuwa wanapita mapafuni."

Eshrat aliondoa jicho kwenye hadubini.

"Aliwahi kuwashwa?" daktari akauliza. "Mstari mwekundu, mapajani au makalioni, unaosogea?"

Aliwahi. Kiangazi cha mwaka juzi Golandam alivuta suruali yake kando pale pale kibarazani, akamwonyesha mstari uliopinda kama uzi wa nyama, na kusema kwa mzaha, "Njoo uone, daktari wa chooni, nimepata mgeni. Asubuhi alikuwa hapa, sasa hivi kafika huku." Eshrat alitazama kwa muda wa kumeza mate. Alisema ni joto, akampa mafuta ya kupaka.

"Aliwahi," akasema.

"Dawa ipo?" Eshrat akauliza baadaye, ingawa alijua ipo.

Ipo. Ni ivermectini, vidonge vichache kulingana na uzito, siku moja au mbili. Mtu mwenye mnyoo huu uliotulia akivimeza, anapona na kurudi shambani. Hata albendazoli ya wiki nzima ingeweza kumpunguzia mzigo. Golandam angevimeza kabla ya kile kidonge cha kwanza cha pumu, na leo angekuwa akiwasema majirani. Lakini hapo hospitalini ivermectini ilikuwa imekwisha, ikaagizwa kutoka Tehran, na ilichukua siku mbili kufika. Wakamwachisha steroidi polepole, wakamtundikia dripu za antibiotiki. Dawa ilipofika waliisaga na kuipitisha kwa mrija wa puani, na nyingi ilirudi na matapishi, maana utumbo ulikuwa umegoma.

Siku ya nne, saa za mchana, akili ya Golandam ilirudi kwa kitambo. Eshrat alikuwa akimlainisha midomo kwa pamba yenye maji. Manije alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta.

"Leo hujaniletea vidonge," Golandam akanong'ona.

"Leo hakuna, dada."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho, kisha akayafumbua tena, na kona ya mdomo ikajivuta kama mtu anayetaka kucheka. "Usinune, nikikwambia kitu."

"Sinuni."

"Siku ile ulipokwenda Fuman kwenye semina. Na ile siku ya mvua kubwa. Nilivitema. Kwa bata."

"Viwili tu?"

"Vinne. Labda vitano. Nisamehe, mdogo wangu. Na wewe unahangaika hivyo."

Eshrat alikiweka kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda. "Laiti ungevitema vyote," akasema. "Laiti ungevitema vyote, Golandam." Lakini dada yake alikuwa amesharudi kule alikokuwa, anamwita mama yao, anamwambia maji ya jaruba ni baridi mno leo.

Alifariki siku ya sita, asubuhi, wakati wauguzi wakibadilishana zamu.

Matanga yalikuwa makubwa. Wanawake wa jaruba walikuja wote, mikono yao migumu ikipokezana sinia za halua na tende. Eshrat alihudumu, akamimina chai, akapokea pole. Walimwambia alimtunza dada yake kama yai. Mmoja akasema hadharani, "Hata kidonge kimoja hakikumpita," na wengine wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Eshrat akaiweka chini birika, akatoka uani, akasimama mvuani bila mtandio mpaka Manije alipomfuata na kumrudisha ndani.

Baada ya kisomo cha siku ya saba, Daktari Kiani aliomba ndugu wote wapimwe damu. Manije, aliyekuwa akipandikiza na mama yake kabla ya kuolewa, alikutwa na mnyoo. Akapewa vidonge vyake, akavimeza siku mbili, na kipimo cha miezi sita baadaye kingeonyesha amepona. Eshrat alikutwa hana kitu. Alisoma karatasi ile mara tatu kwenye korido ya maabara. Miguu yake haikuwahi kukaa topeni vya kutosha.

Manije ndiye aliyeuliza. Walikuwa kwenye nyumba ya marehemu, wanakunja nguo.

"Mama mdogo. Kweli ni vidonge hivi tu? Hivi nilivyopewa mimi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wewe ulijifunza habari zake chuoni."

"Nilijifunza."

"Basi kwa nini?"

Eshrat angeweza kumtaja daktari wa mapafu, ambaye hakuuliza kama mgonjwa ni mkulima. Angeweza kutaja kikopo kimoja, ofisi ya wilaya, mabuti. Vyote vilikuwa kweli. "Niliandika safi," akasema, "nikaamini mwandiko wangu."

Manije aliendelea kukunja nguo. Alikunja rundo zima, akalifunga kwa ile shuka ya mistari, akaingia garini na mumewe. Tangu siku ile hakupokea simu ya mama yake mdogo.

Eshrat alifanya aliloliweza. Aliandika barua wilayani: kila mkulima wa mpunga, hata aliyeacha zamani, apimwe mnyoo kwa damu au kwa vikopo vingi kabla ya kuandikiwa steroidi, na pale ambapo hakuna muda wa kupima, apewe kwanza ivermectini. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa. Aliandika tena. Alibandika karatasi ukutani kituoni kwa herufi kubwa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza nani anakohoa, nani anawashwa mistari, nani anatumia dawa za pumu au za maungo. Wanawake walimjibu kwa adabu na kutazama pembeni. Habari zilikuwa zimeshafika. Kila mlango alioubisha, waliokuwa ndani walikuwa wamesikia kutoka Fuman ni nani aliyemmezesha Golandam.

Majira ya kupandikiza yakarudi. Maji yakafunguliwa majarubani, vyura wakaanza kelele. Siku moja Tuba, mwenzake Golandam wa mstari mmoja kwa miaka mingi, alikuja kituoni akichechemea ili apimwe presha. Kwenye mfuko wake wa plastiki Eshrat aliliona boksi alilolijua, la prednisoloni.

"Hizi kakuandikia nani, Tuba khanum?" akauliza kwa heshima.

"Daktari wa magoti, Rasht. Kasema nitaruka kama mbuzi."

"Usianze. Nakuomba. Nipe siku nne tu, nikupime kwanza, nikutafutie—"

"Unipime kwa kikopo?"

"Kwa damu. Nitakupeleka mwenyewe."

Tuba alishusha mkono wa shati lake na kufunga kifungo. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimtazama Eshrat kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevunja chombo cha watu.

"Eshrat jan, mpenzi wangu," akasema, "dada yako alikwambia vinamuunguza, ukamwambia meza. Mimi nakwambia naumia, unaniambia nisimeze. Sasa nikusikilize wewe yupi?"

"Huyu wa sasa. Tafadhali, huyu wa sasa."

"Mungu akutulize moyo," Tuba akasema, akachukua mfuko wake, akaondoka akishikilia ukuta.

Siku ya tatu Eshrat alikwenda kwake, vikopo vinne na barua ya maabara mkononi. Mke wa mwanawe Tuba ndiye aliyetoka mlangoni, mikono imejaa unga wa mchele.

"Hayupo, khanum. Kashuka jarubani."

"Na goti lile?"

"Goti gani tena!" Mwanamke alicheka kwa furaha ya kweli. "Kaanza vidonge juzi, asubuhi kaamka hana maumivu. Hatujamwona hivi miaka kumi. Njoo baadaye unywe chai."

Eshrat alimwachia vikopo. Alimweleza jinsi ya kuvijaza, siku ngapi, na kwa nini. Mwanamke aliitikia kila neno, akaviweka juu ya ukuta wa banda la kuku, akarudi kukanda unga wake.

Kutoka pale mlangoni majaruba yalionekana yote mpaka kwenye miti. Wanawake walikuwa wameinama kwa safu, wanapandikiza na kurudi nyuma hatua kwa hatua, na mmoja wao alikuwa akiimba. Eshrat hakutaka kujua ni nani. Akageuka, akarudi kufungua kituo.